Maandamano ya Wamaasai wa Laikipia ya 2004

Mnamo Agosti 2004, Wamaasai waliandamana Nairobi, Nanyuki na miji mingine ya Kenya wakidai warejeshewe ardhi ya Laikipia ambayo mababu zao waliondolewa na Waingereza, pamoja na fidia. Kwa wafugaji wa Doldol, makao makuu ya tarafa ya Mukogodo kaskazini mwa Nanyuki, madai hayo yalihusu nyanda za malisho zilizo ng'ambo ya nyua za mashamba makubwa yanayopakana nao.

Chimbuko

Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi Agosti 1904 baina ya Kamishna Sir Donald Stewart na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana. Wamaasai waliihama sehemu ya Bonde la Ufa iliyotakiwa na walowezi, wakatengewa maeneo mawili: moja kusini, jingine Laikipia. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo yangekuwa yao maadamu kabila lao lingali hai.

Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka 10. Mkataba wa pili, wa 1911, uliwaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini. Waliopinga walifika mahakamani katika kesi ya Ole Njogo, ambayo ilitupiliwa mbali mjini Mombasa mwaka 1913. Majaji walishikilia kuwa hiyo ilikuwa mikataba baina ya mamlaka mbili, kwa hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Rufaa nayo ilishindwa.

Mukogodo, eneo kame, ndipo waliposalia wafugaji wa kaskazini, wakiwemo Wayaaku ambao baadaye walichukua lugha na desturi za Kimaasai.

Miaka 99 au 999?

Waandamanaji waliichukulia Agosti 15, 2004, kuwa siku ambayo muda wa kukodishwa kwa ardhi hiyo ulikuwa umekwisha. Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Amos Kimunya, aliwapinga, akisema mashamba hayo yalikodishwa kwa miaka 999.

Ukweli ni kwamba mkataba wa 1904 haukuwa wa kukodisha, wala haukuwekewa kikomo cha miaka. Miaka iliyobishaniwa ilitokana na sheria za ardhi za kikoloni: ile ya 1902 iliruhusu walowezi kukodi kwa miaka 99, na ya 1915 ikaongeza muda huo hadi miaka 999. Wamaasai hawakushirikishwa katika kutunga sheria hizo.

Makabiliano

Waandamanaji waliwasilisha madai yao kwa serikali za Kenya na Uingereza. Wakati huo ukame ulikuwa umewabana wafugaji, na baadhi yao wakaingiza mifugo katika mashamba ya Laikipia. Polisi walitumwa kuwaondoa. Mzee mmoja aliuawa kwa kupigwa risasi katika shamba la Loldaiga na watu wengi wakatiwa mbaroni. Jijini Nairobi, maandamano mengine ya mwezi huo yalitawanywa kwa gesi ya kutoa machozi.

Matokeo

Mashamba hayakurejeshwa. Hata hivyo, swali lililowatoa watu barabarani lilipata nafasi katika Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi.

Nacho Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa wageni waliokuwa na mikataba ya miaka 999, muda huo ulikatwa. Kwa raia wenye mashamba ya aina hiyo, kifungu hicho hakikubadilisha lolote. Na kwa mfugaji wa Mukogodo, kufupishwa kwa muda wa mgeni si sawa na kurudishiwa malisho.