Mmomonyoko wa Kondoa na Njia ya Kilatini

Wako wafasiri wanaoamini kwamba neno la Kiingereza likishapatiwa Kilatini chake limepata asili na heshima. Imani hiyo yafaa kupimwa, na mahali pazuri pa kuipimia ni Kondoa, ambako istilahi moja ilihusu riziki ya watu.

Mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianzishwa mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Mfugaji aliyetakiwa kuhamisha ng'ombe wake alistahili kuelezwa sababu kwa neno analolielewa, nalo ni mmomonyoko. Kulitia neno la Kiingereza katika Kilatini ni kazi nyepesi, kwa kuwa limetoka huko huko: erosio, lenye asili ya kitenzi rodere, yaani kuguguna kama afanyavyo panya. Kiswahili hakikumfuata panya huyo. Kilishika kitenzi chake chenyewe, kumomonyoka, kinachofaa pia kwa ukuta wa udongo unaobanduka kidogo kidogo. Kwa maoni yetu taswira hii yaishinda ile. Aliyelelewa katika tembe hahitaji fasili.

Ugumu huzuka kwa vitu ambavyo Roma ya kale haikuviona. Papa Paulo wa Sita aliunda taasisi ya Latinitas mwaka 1976, na kamusi yake ya Kilatini cha siku hizi ilitoka kwa juzuu mbili, 1992 na 1997. Humo jinzi ni bracae linteae caeruleae, yaani suruali za kitani za samawati. Njia hii hufasili badala ya kutaja. Fundi cherehani husema jinzi, basi, na mteja huleta suruali. Wasomaji wa Kilatini huvumilia urefu huo kwa sababu kitu wanakijua tayari kwa lugha za nyumbani. Istilahi ya Kiswahili aghalabu ndiyo jina la kwanza analolisikia mwanafunzi.

Yamebaki makorongo, ambayo Kondoa inayo tele. Neno lake la Kiingereza yadhaniwa lilitokana na gula, ambalo ni koo. Lakini kwa Mroma gula lilikuwa pia ulafi. Angesoma kwamba nchi ya Kondoa imekatwakatwa na gula, angedhani tunawasengenya wenyeji.