SOMO LA HISTORIA: MELI ILIYOPITA TABORA NDANI YA MASANDUKU

Leo tutajifunza habari za kitu kikubwa kilichosafiri vipande vipande. Mwisho tutaona jinsi watu wa kompyuta wanavyoifuata kanuni hiyo hiyo.

Zamani za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo kati ya Tabora na pwani. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30. Kwa hiyo kitu kizito kiligawanywa kwanza kwa kadiri ya nguvu za mabega. Baadaye reli ikaja kuifuata njia ile. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914.

Reli hiyo ndiyo iliyoleta meli ya Wajerumani iliyoitwa Goetzen. Iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Kisha ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikavuka bahari hata Dar es Salaam, ikapita Tabora, ikafika Kigoma. Huko mafundi waliiunga tena, bamba kwa bamba. Iliteremshwa ziwani Februari 1915. Fikirini: kipande kimoja kikitiwa mahali pa kingine, itakuwaje? Kila kipande lazima kijulikane jina lake na mahali pake. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mtu huweza kuiandikia amri kwa maneno, nayo ikatii. Amri zinazotumika mara kwa mara hufungwa pamoja kama mzigo mmoja. Mzigo huo huitwa moduli. Programu ya PowerShell, ya kampuni ya Microsoft, ilianza kupokea moduli mwaka 2009. Anayeitia moduli katika kompyuta yake afanye mambo matatu. Kwanza, aisome, ajue imetoka kwa nani na inafanya nini, maana amri mbaya yaweza kufuta kazi yake yote. Pili, aiweke katika folda ambamo programu huenda kutafuta. Tatu, folda na faili vipewe jina moja. Herufi moja ikikosewa, moduli haionekani, kama sanduku lililoshushwa stesheni nyingine.

Basi, ndugu zangu, msidharau kusoma jina juu ya mzigo. Ajuaye kusoma habebeshwi asichokijua.

Maswali:
1. Kwa nini meli ilifunguliwa?
2. Taja mambo matatu ya kufanya kabla ya kutumia moduli.

Kwa herini.