Paka Wako Amekamata Kinda la Ndege? Weka Hayo Maziwa Chini Kwanza

Wasee, tuongee ukweli. Paka akiingia kwa keja na kinda la ndege mdomoni, wengi wetu tunafanya mambo mawili. Kwanza tunamrushia paka kandambili, halafu tunakimbia kutafuta maziwa ya kumpa mgonjwa. Yote mawili ni makosa, na historia inatuonyesha kwa nini.

Tuanze na paka. Kule Kupro, wanaakiolojia walipata kaburi la karibu miaka 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka kando yake. Urafiki huu ni wa zamani, na haukuanza kwa sababu paka ni mrembo. Watu walianza kulima, nafaka zikaleta panya, panya wakaleta paka. Tulimkubali kwa sababu anawinda. Sasa unampigia nini kandambili, na anafanya kazi ileile tuliyompenda nayo?

Lakini kazi hiyo ikikosa mtu wa kuisimamia, inaleta hasara. Mwaka wa 1894, mnara wa taa wa kuongoza meli ulianza kuwaka katika kisiwa cha Stephens, New Zealand. Watu wakahamia huko, na paka nao wakafika. Kisiwani kulikuwa na ndege mdogo asiyeweza kuruka, anayekimbia chini kama panya. Msaidizi wa mlinzi wa mnara, David Lyall, akaona paka analeta ndege asiowajua. Mizoga ikatumwa kwa wataalamu, wakasema hii ni aina mpya kabisa. Tajiri wa Uingereza, Walter Rothschild, akanunua kadhaa. Yaani dunia ilimjua huyo ndege kupitia mdomo wa paka, na baada ya muda mfupi tu ndege akaisha. Kuna stori maarufu kwamba paka mmoja, Tibbles, ndiye aliyewamaliza wote. Stori tamu, lakini si kweli: paka walizaana kisiwani wakawa wengi. Watu walikuwa bize na mizoga, na walipokuja kushughulikia paka, walikuwa wamechelewa.

Hiyo ni ya paka. Ile ya maziwa iko hapa hapa Kenya.

Daphne Sheldrick aliishi Tsavo Mashariki na mume wake David, msimamizi wa kwanza wa mbuga hiyo. Alilea wanyama wengi yatima, lakini ndovu wachanga walimshinda kwa miaka mingi. Alikuwa akiwapa maziwa ya ng'ombe, nao walikuwa wanakufa, kwa sababu tumbo la ndovu mchanga haliwezi mafuta yale. Alijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine mpaka akagundua mafuta ya nazi ndiyo yanakaribia ya mama ndovu. Hatimaye mmoja, Aisha, akaanza kukua vizuri. Daphne akasafiri kwa siku chache kwenda harusi ya binti yake, na Aisha, aliyekuwa amemzoea yeye tu, akakataa kula akafa. Ndiyo maana leo walezi wa ndovu yatima pale Nairobi hubadilishana zamu.

Cheki hapo. Huyu ni mtu aliyeishi porini, mwenye upendo wote, na bado ilimchukua miaka. Wewe na pakiti yako ya maziwa kutoka kioski mna mpango gani?

Fanya hivi. Fungia paka chumba kingine. Mshike mnyama kwa kitambaa, usitumie mikono mitupu, umweke ndani ya boksi yenye matundu, mahali pa giza, joto kidogo na kimya. Usimpe chakula, maji wala maziwa. Siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo au upigie KWS, hata kama huoni damu. Meno ya paka ni kama sindano: tundu ni dogo, lakini bakteria zinazoingia zinaweza kumuua kinda haraka sana. Kama mnyama mwenyewe ni popo, nguchiro au mbweha, usimguse kabisa. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali, kwa sababu kichaa cha mbwa hakina mchezo.

Na kama paka hakumfikia, kinda ameanguka tu, mrudishe kiotani. Ile stori ya kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako ni uongo.

Kumweka ndio umfuge? Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na hauna. Kumwokoa mnyama si kumfanya wako. Paka wako tayari ni wako, kwa hivyo anza na yeye: mlishe vizuri, na umweke ndani msimu ambao makinda wanatoka viotani.