Jiwe Jeusi la Uluguru na Hewa Isiyoshikamana

Wasomaji wetu, tukisimama mjini Morogoro na kuinua macho, twaiona milima ya Uluguru. Humo, zama za Wadachi, wachimbaji wa ulanga walikuta huko Lukwengule mawe meusi, mazito kuliko yanavyoonekana. Mwaka 1906 mwanakemia Willy Marckwald wa Berlin alieleza habari zake. Mawe yalikuwa na urani. Na sehemu iliyogeuka manjano akaiita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford.

Rutherford huyo, pamoja na Thomas Royds, walionyesha mwaka 1909 kwamba chembe zirushwazo na vitu vya namna ya urani huwa hewa iitwayo heliamu. Basi katika giza la jiwe la Uluguru heliamu imezaliwa kwa zaidi ya miaka milioni 500. Lakini haikuungana na jiwe. Ilikaa humo kama mfungwa. Mwaka 1895 William Ramsay, huko London, alichemsha kwa asidi jiwe la jamii hiyo hiyo, na heliamu ikatoka huru, peke yake.

Kwa nini haiungani na kitu? Kila atomi ina kiini, na elektroni hukizunguka kwa matabaka. Atomi huungana kwa kupeana elektroni au kushirikiana nazo, mpaka tabaka la nje likamilike. Sodiamu ina elektroni moja katika tabaka hilo, klorini ina 7. Moja ikitoka huku na kuingia kule, twapata chumvi ya chakula. Bali heliamu ina 2, nazo zatosha kujaza tabaka lake la pekee. Neoni na argoni zina 8 nje, nazo zimetimia. Ndivyo lilivyo jiko: lenye mafiga mawili litatafuta la tatu, lenye matatu haliazimi, wala halitoi lake, maana chungu kitaanguka. Mambo haya yalielezwa na Gilbert Lewis na Walther Kossel mwaka 1916.

Jambo hili lina faida na hasara. Urani ikimaliza kuvunjika huacha risasi. Risasi hushikwa na jiwe. Heliamu, isiyoshikwa na lolote, hutoroka kidogo kidogo. Kwa hiyo atakaye kujua umri wa jiwe huiamini risasi kuliko heliamu.

Hata hivyo, tusiseme kamwe. Kwa miaka mingi vitabu viliwafundisha wanafunzi kwamba hewa hizi haziungani na kitu chochote. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Vancouver katika Kanada, aliiunganisha zenoni na kitu chenye platinamu na florini. Atomi ya zenoni ni kubwa; elektroni zake za nje zi mbali na kiini, nacho hakizishiki kwa nguvu kama kiini cha heliamu kishikavyo zake. Mnyang'anyi mwenye nguvu akija, moja huchukuliwa.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba heliamu imeonekana katika bonde la Rukwa. Nayo ilizaliwa katika miamba ya kale, ikasafiri ardhini bila kuungana na kitu. Basi, enyi wanafunzi, mkisoma kwamba jambo fulani haliwezekani, ulizeni kwanza ni nani aliyelijaribu, na kwa kitu gani.