Usukani haubahatishwi

Ndugu msikilizaji, historia ya uchumi wa nchi yetu kwa kawaida tunaisoma katika bajeti, hotuba na maazimio. Wiki hii tuisome katika kitu kisichozidi upana wa kiganja: kile kiungo cha raba kinachounganisha mti wa usukani na mtambo unaogeuza magurudumu. Gereji nyingi hukiita kaplingi ya stelingi.

Tuanzie Ikungi, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Manyoni kwenda Singida. Leo Ikungi ni makao makuu ya wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012, na lami inapita. Lakini wenye umri watakumbuka barabara ya changarawe na vumbi, yenye migongo iliyotetemesha gari mpaka meno ya abiria yakagongana. Katika njia za namna hiyo ndipo pikapu ilipopimwa.

Mojawapo ya zilizopata jina ni Peugeot 404. Gari hilo lilitoka Ufaransa mwaka 1960, na likashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu! Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Mfanyabiashara wa alizeti au kuku hakuhitaji tangazo jingine.

Sasa, kaplingi kazi yake ni kumeza mtetemo ili usifike mikononi mwa dereva. Ni raba iliyofumwa na nyuzi ndani yake, imeshikwa kwa bolti nne: mbili upande wa usukani, mbili upande wa mtambo. Mtetemo huichosha, mafuta yanayovuja huilainisha, joto la injini huikausha. Dalili yake ni usukani kucheza: dereva anazungusha, gari linachelewa kutii. Ikikatika kabisa, dereva anaweza kubaki ameshika duara lisiloamuru kitu.

Kuibadili si kazi kubwa kama raba ipo. Fundi hunyoosha magurudumu, huweka alama kwenye mti wa usukani na kwenye mtambo ili visipishane wakati wa kurudisha, hufungua bolti nne, hutia raba mpya, hukaza kwa nati na pini mpya, kisha huzungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho kabla gari halijagusa barabara.

Kama raba ipo! Hapo ndipo historia inapoingia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 hadi 1979 tukapigana vita vya Kagera. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena, na fedha za kigeni zikawa adimu kama mvua ya Septemba. Sabuni haikuonekana dukani, sembuse raba ya pikapu. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, lakini msako haufyatui vipuri.

Fundi wa kando ya barabara hakungoja. Tairi kuukuu, lilelile lililotuvalisha katambuga, likakatwa kwa kisu, likatobolewa matundu manne, likawa kaplingi. Aliyejua kazi alichagua tairi la nyuzi, hakukubali mpira wa ndani unaovutika, na alimwonya mwenye gari aende polepole mpaka apate raba halisi. Asiyejua alifunga chochote, akapokea pesa yake, gari likaondoka na roho za watu.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Vipuri vikarudi, kisha zikamiminika pikapu za Kijapani zilizokwisha kutumika, na zile 404 zikaanza kuozea nyuma ya gereji. Wengi tukasema adha imekwisha.

Je, imekwisha? Wakati wa uhaba fundi alijua kwamba raba aliyofunga ni ya kubahatisha, naye alisema hivyo. Leo kipuri bandia huja kimefungwa katika boksi zuri, na boksi halionyi mtu. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 ili viwanda vidogo vikue, vikiwemo vya karakana. Ujuzi ule wa kukata, kupima na kuchagua ungestahili kuandikwa, kufundishwa na kupewa vipimo. Badala yake tunaungoja uzikwe pamoja na wenyewe.

Taa ikizimika utasimama. Injini ikifa utalala njiani. Usukani ukikatika hauchagui mwenye gari wala mpita njia. Heshima ya fundi, ndugu msikilizaji, ni kujua cha kubuni, na kujua kisichobuniwa.