Bustani ya sitaha

Katikati ya Dallas, Texas, kuna bustani ya umma ya hekta 2 hivi iitwayo Klyde Warren Park, iliyofunguliwa Oktoba 2012. Mchana watu hukaa kwenye nyasi wakila, na watoto hucheza na maji ya chemchemi. Chini ya nyasi hizo magari yanapita kwa kasi katika barabara kuu ya Woodall Rodgers, yenye njia nane. Barabara hiyo ilichimbwa ikawa chini ya usawa wa mitaa, na kwa miaka mingi ilikuwa korongo lililotenga kitovu cha jiji na mitaa ya kaskazini yake. Korongo lile ndilo lililofunikwa, kisha juu ya kifuniko ikapandwa bustani.

Mfasiri anayekutana na kitu hiki kwa mara ya kwanza huenda akaandika “bustani ya juu ya barabara”, au “bustani ya angani”, au “paa la kijani”. La kwanza linaacha reli, maegesho na mitambo ya maji, ambavyo navyo hujengewa bustani juu. La pili linapotosha kabisa: mtu anayeingia Klyde Warren hapandi ngazi wala haning’inii popote, anatoka kwenye lami ya mtaa na kukanyaga nyasi. La tatu tayari lina kazi yake, nayo ni mimea inayooteshwa juu ya jengo, mara nyingi kwa faida ya wenye jengo.

Wenyewe Wamarekani hawana jina moja. Seattle wanakiita kitu hiki kwa neno la kifuniko cha chungu; Dallas wanatumia neno la sakafu ya juu ya meli. Kwa Kiswahili nachagua njia ya Dallas, kwa sababu sisi neno hilo tunalo: sitaha. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya uso wa juu wa kitu, na pia paa la nyumba. Baharia anayetembea juu ya sitaha anajua kuwa chini yake kuna mzigo, mashine na watu kazini. Kifuniko hufunuliwa, sitaha hubeba. Neno “deki” nalo lipo, lakini kwa wasemaji wengi deki ni kitu cha kupigwa kwa tambara na ndoo ya maji, kwa hiyo “bustani ya deki” ingemchanganya msomaji. “Sakafu” ingemfanya afikirie bustani iliyopigwa sementi. Ama “hifadhi” badala ya “bustani”, tuiachie Serengeti na Tsavo; Nairobi wameshazoea kusema Bustani ya Uhuru, na inatosha.

Nasisitiza ubebaji kwa sababu ndiyo shida yote ya uhandisi hapa. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa huweza kukaribia tani 2. Mti unataka udongo wa kina, na kina ni uzito. Kule Dallas boriti za zege zaidi ya 300 zilipangwa kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu ikaachwa nafasi yenye slabu chini yake, mfano wa mfereji. Miti ilipandwa ndani ya mifereji hiyo. Mizizi inashuka katikati ya boriti badala ya kurundikiwa udongo juu yake, na ndiyo maana bustani haikulazimika kuinuka kama kilima juu ya mitaa. Mahali pasipohitaji udongo mwingi pakajazwa vitalu vya povu gumu, jamii ya lile jeupe linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, vyepesi kiasi cha kubebwa kwa mikono. Huko chini, kwa kuwa barabara imekuwa handaki, feni kubwa zinasukuma moshi wa magari utoke.

Dallas hawakuwa wa kwanza. Freeway Park ya Seattle, iliyobuniwa na Lawrence Halprin na Angela Danadjieva, ilifunguliwa mwaka 1976 juu ya barabara kuu namba 5, na maporomoko yake ya maji yaliwekwa makusudi yameze mngurumo wa magari. Chicago nayo ilifungua Millennium Park Julai 2004, hekta 10 hivi juu ya reli na maegesho.

Je, High Line ya New York nayo ni bustani ya sitaha? Kwangu mimi, hapana. Ile ni reli ya juu iliyoachwa, ambayo treni ya mwisho ilipita mwaka 1980, ikageuzwa kuwa njia ya matembezi. Istilahi ninayoipendekeza inahusu bustani ya umma iliyojengwa juu ya miundombinu ambayo bado inafanya kazi chini yake.

Sharti hilo la mwisho nalishikilia kwa ajili ya Harlem, humohumo New York. Riverbank State Park, kando ya mto Hudson, ilifunguliwa mwaka 1993 juu ya mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka. Wakazi, wengi wao Weusi na Walatino, waliupinga mtambo huo kuwekwa kwao. Serikali ikaahidi bustani, mtambo ukajengwa, na uvundo wake ukawasumbua hata kabla bustani haijafunguliwa. Leo pana mabwawa ya kuogelea na viwanja vya michezo, na watu wanapapenda kwa haki kabisa. Lakini mwandishi akiita pale “bustani” tupu, nusu ya habari imepotea. Aandike bustani ya sitaha, na katika sentensi hiyohiyo ataje sitaha imefunika nini.