Gharika ya Númenor na Lugha Iliyopigwa Marufuku

Gharika tuliyolelewa nayo wengi wetu ni ile ya Nuhu. Hapa tunaandika juu ya nyingine, ambayo haikutokea popote isipokuwa katika vitabu vya J.R.R. Tolkien, lakini imeandikwa kwa namna ya historia kamili: ina tarehe, ina orodha ya wafalme, ina sababu za karibu na za mbali. Kwa hiyo tumeisoma kama historia, na kuiuliza swali ambalo walimu wetu hawachoki kutuuliza: maafa haya yalianza lini hasa?

Kwanza, chimbuko lake. Tolkien, aliyefundisha Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, alisumbuliwa kwa miaka mingi na ndoto ya wimbi kubwa likija juu ya miti na mashamba. Katika miaka ya 1930 yeye na rafiki yake C.S. Lewis walikubaliana kila mmoja aandike hadithi: Lewis ya safari ya angani, Tolkien ya safari ya kurudi zama za kale. Lewis alimaliza yake. Ya Tolkien ilikatika njiani, ila kisiwa cha Númenor kilizaliwa humo. Simulizi kamili ya kuzama kwake, iitwayo Akallabêth, ilitoka mwaka 1977 ndani ya The Silmarillion, miaka 4 baada ya kifo chake, ikiwa imehaririwa na mwanawe Christopher.

Kisiwa hicho kilikuwa zawadi kwa wanadamu waliopigana upande wa haki katika vita vya kale. Mfalme wa kwanza, Elros, alianza kutawala mwaka wa 32 wa Enzi ya Pili. Sharti lilikuwa moja tu: wasisafiri kuelekea magharibi hadi pwani yao ipotee machoni, kwa sababu huko ndiko zilikokuwa nchi za wasiokufa. Wanúmenor waliishi umri mrefu kuliko watu wengine, lakini walikufa, na kadiri walivyotajirika ndivyo kifo kilivyozidi kuwauma. Wakajenga majumba makubwa ya kuwalaza wafu wao. Ng'ambo, kwenye pwani za Dunia ya Kati, walikokwenda mwanzo kufundisha na kusaidia, wakarudi baadaye kama mabwana wa kutoza kodi. Msomaji aliyezaliwa na watu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Wasomaji wengi wakiulizwa nani aliizamisha Númenor, humtaja Sauron. Ni kweli kwamba mwaka 3262 mfalme Ar-Pharazôn alimleta kisiwani kama mateka, na mateka huyo akageuka mshauri, kisha kuhani wa hekalu lililochinja watu. Sisi lakini tunaona kwamba Sauron aliikuta nyumba imeshaoza. Tunarudi nyuma hadi mwaka 2899, siku mfalme mmoja aliposhika fimbo ya utawala kwa jina la Ar-Adûnakhôr.

Kabla yake wafalme walijiita kwa Kikwenya, lugha tukufu ya Waelfi, watu wasiokufa. Huyu akachagua Kiadunaiki, lugha ya watu wa kisiwa wenyewe. Hapa klabu yetu iligawanyika. Baadhi yetu waliuliza: kosa liko wapi? Rais Kenyatta alipoamuru mwaka 1974 kwamba Bunge la Kenya litumie Kiswahili, nani kati yetu angelia? Mfalme kusema lugha ya raia wake si dhambi.

Hoja hiyo ni nzito, na tunaikubali nusu. Kuinua lugha moja ni jambo moja, kukata ndimi za wengine ni jambo jingine. Mfalme Ar-Gimilzôr, aliyekuja baadaye, alipiga marufuku kabisa lugha za Waelfi. Waaminifu, yaani wale walioendelea kuzithamini lugha hizo na urafiki wa kale, wengi wao wakang'olewa magharibi mwa kisiwa na kuhamishiwa mashariki, ambako wangeweza kuchungwa. Mtoto aliyefundishwa Kielfi na nyanyake sasa alikuwa na siri ya kuficha. Hata malkia hakupona: Míriel, mrithi halali wa kiti, aliolewa kwa nguvu na binamu yake Ar-Pharazôn mwaka 3255, akanyang'anywa utawala na jina pia, akaitwa Ar-Zimraphel.

Lililotuchekesha kidogo ni hili: Ar-Adûnakhôr mwenyewe, pamoja na kiburi chote, jina lake liliandikwa kwa Kikwenya katika hati za wafalme, maana waliogopa kwamba kuvunja desturi hiyo kungeleta mkosi. Hadharani waliidharau lugha ile, kwenye makaratasi waliiogopa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 3319 Ar-Pharazôn, akiuona uzee unabisha hodi, alipeleka jeshi la majini magharibi kuuteka uzima wa milele. Siku ya 39 tangu merikebu zile zing'oe nanga, Muumba aliugeuza ulimwengu. Bahari ilipasuka, merikebu zikatumbukia, na kisiwa kikazama na watoto wake, bustani zake na vicheko vyake. Míriel alikuwa akikimbilia kilele cha mlima mtakatifu, wimbi likamwahi. Jahazi 9 tu za Waaminifu ziliokoka, zikiongozwa na Elendil na wanawe wawili, na tufani ikazisukuma hadi Dunia ya Kati.

Tunayoyajua tumeyapata kwa upande wa hao walionusurika. Watu wa kawaida wa upande wa mfalme, wavuvi na wapishi ambao hawakupanda merikebu yoyote ya vita, hakuna aliyebaki kuwasemea, na kwetu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika Akallabêth.

Lugha zote mbili zilivuka maji. Elendil aliposhuka pwani alitamka kiapo chake kwa Kikwenya, na maneno yaleyale Aragorn aliyarudia siku ya kutawazwa kwake, miaka zaidi ya 3,000 baadaye. Kiadunaiki nacho kilichanganyika na lugha za wenyeji wa pwani, kikazaa lugha ya wote, ile ya sokoni na bandarini, ambayo Frodo na wenzake waliizungumza nyumbani bila kujua ilikotoka.